Sanduku la majaribio ya kemia: vifaa vya kutegemewa, kijitabu cha kusahihishwa

Mwanzoni mwa Juni, shule zilipofungwa, nilinunua sanduku la majaribio ya kemia katika duka moja la vifaa vya shule lililo karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma. Bei iliyobandikwa ilikuwa shilingi 75,000, na baada ya mazungumzo nikalipa 68,000. Nililinunua kwa ajili ya binti yangu aliye kidato cha kwanza na mpwa wangu wa darasa la saba, ambao wote wawili walikuwa wamekwisha kukariri kwamba maada ina hali tatu, yaani yabisi, kimiminika na gesi, bila ya kuwa wameshuhudia hata mara moja hali moja ikigeuka kuwa nyingine mbele ya kipimajoto. Tumelitumia kwa wiki sita, jikoni na uani, nyumbani kwetu Ipagala, na karibu kila jaribio lililomo tumelifanya zaidi ya mara moja. Hukumu yangu naitanguliza ili mwenye haraka asipoteze muda: vifaa vinastahili fedha iliyolipwa, lakini kijitabu kinachoviongoza kimeandikwa ovyo, na mtoto akiachiwa akifuate peke yake atajifunza makosa kwa bidii.

Ndani ya sanduku mna bika mbili za mililita 100, silinda ya kupimia ya mililita 50, neli sita za majaribio na koleo lake la mbao, faneli ya plastiki, karatasi 20 za kuchujia, kipimajoto cha spiriti nyekundu, taa ndogo ya spiriti, bakuli la kauri la kukaushia, sumaku, kipoza mvuke cha kioo chenye mpira wake, na vichupa vya pamanganeti, shabu, mrututu, salfa, iodini na chenga za chuma. Kioo ni kizuri. Neli moja iliangukia sakafu ya saruji ikaruka mara mbili na kubaki nzima, jambo ambalo sikulitarajia kwa bei ile. Miwani ya kukinga macho ni moja tu, ilhali picha iliyo juu ya sanduku inaonyesha watoto watatu wakicheka, kila mmoja na miwani yake.

Tatizo la kijitabu lilijitokeza siku ya kwanza. Jaribio la tatu linasema, kwa maneno haya haya, "Yeyusha kijiko kimoja cha chumvi, kisha chuja." Mpwa wangu ni mtoto anayetii maandishi. Alitia chumvi kavu katika neli, akaishika kwa koleo juu ya mwali wa taa ya spiriti, akangoja. Chumvi ilianza kutatarika kama bisi, kwa sababu unyevu kidogo unaonaswa ndani ya fuwele huchemka na kuzipasua, lakini baada ya dakika kumi ilikuwa bado chumvi, nyeupe na kavu. Akaniita: "Mjomba, chumvi imegoma."

Haikugoma. Chumvi ya mezani huyeyuka ikifikia nyuzijoto 801 za Selsiasi, na hapo huwa kimiminika kinachomiminika kama maji bila ya kuwamo tone la maji. Taa yetu ndogo, kupitia kioo, haiwezi kulifikisha joto hilo. Alichotaka mwandishi wa kijitabu ni kitu kingine kabisa, yaani chumvi itiwe katika maji na kukorogwa hadi isionekane. Katika mazungumzo ya kila siku sote tunasema sukari imeyeyuka katika chai na barafu imeyeyuka juani, na hakuna wa kumlaumu mtu kwa hilo. Lakini katika kemia haya ni mambo mawili. Barafu inapoyeyuka, joto limezipa chembe zake nguvu ya kuachana na mpangilio wake wa yabisi, na hakuna kitu cha pili kilichohitajika. Chumvi inapoingia majini, molekuli za maji ndizo zinazozing'oa ioni, yaani chembe zenye chaji, za sodiamu na za kloridi moja moja kutoka katika fuwele, zikazizingira na kuzisambaza, hata kama maji ni ya baridi. Kiswahili kinalo neno la tendo hilo la pili, nalo ni kumumunyika. Nilipowauliza watoto pipi wanaifanyaje mdomoni, walijibu kwa pamoja kwamba wanaimumunya, na tangu hapo sikuhitaji kueleza tena. Pipi haiyeyushwi na joto la ulimi bali humumunywa na mate. Nashangaa kwamba mtu aliyelipwa kuandika kijitabu cha kemia kwa Kiswahili alikuwa na neno hili mdomoni mwake tangu utotoni na hakulitumia hata mara moja katika kurasa 32.

Tulilirudia jaribio kwa maneno sahihi, na vifaa vikafanya kazi yake vizuri. Tulipima chumvi kwa mizani ndogo ya jikoni na kuiongeza kidogo kidogo katika mililita 100 za maji. Gramu 30 zilipotea zote machoni, na tulipopita kidogo gramu 36 mbegu nyeupe zilianza kubaki chini hata tungekoroga hadi jioni. Sukari ilitushangaza kwa upande mwingine, kwani kiasi hicho hicho cha maji huweza kumumunya takribani gramu 200, na bika haikutosha ikabidi tuhamie kwenye jagi. Kisha tukaliweka bakuli la kauri lenye maji ya chumvi juu ya taa, maji yakaenda zake na chumvi ikabaki ikiwa imeganda ukingoni kama chokaa ya ukutani. Binti yangu aliikwangua akaipima tena. Ilipungua kwa gramu moja, nayo ilikuwa imebaki kwenye kijiko.

Jaribio nililolipenda kuliko yote kijitabu kinalipa mistari miwili tu. Unapima mililita 25 za maji na mililita 25 za spiriti katika silinda, unavichanganya, na kusoma jumla. Jumla si 50. Sisi tulipata kati ya 48 na 49. Watoto walishutumiana kwamba kuna aliyemwaga, tukarudia kwa uangalifu zaidi, na matokeo yakawa yale yale. Kijitabu kinasema "molekuli huingiliana" na kuishia hapo. Nikaenda stoo, nikaleta kikombe kimoja cha karanga na kikombe kimoja cha mtama, nikavimimina pamoja katika chombo kimoja na kukitikisa. Havikujaza vikombe viwili, kwa kuwa punje za mtama zilikuwa zimejipenyeza katika nafasi zilizo kati ya karanga. Mfano huo haukamilishi maelezo, kwa sababu molekuli za maji na za spiriti pia huvutana zenyewe kwa zenyewe na kukaribiana zaidi, jambo ambalo karanga na mtama hazifanyi. Lakini unatosha kumfanya mtoto aamini kwamba kimiminika si kitu kimoja kilichoshikana kama anavyokiona bali ni chembe zenye nafasi katikati yake.

Sasa nifike kwenye kipimajoto, ambacho nusura nikirudishe dukani bila kosa lake. Kijitabu kinaagiza maji yachemshwe, na kwa herufi nzito kinasema: "Maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Kama kipimajoto chako hakifiki hapo, ni kibovu." Tulichemsha maji ya bomba katika bika. Mapovu madogo ya hewa yalitangulia kujishikiza kwenye kioo, kisha yakaja makubwa ya mvuke kutoka chini, maji yakatokota kwa vurugu, na mstari mwekundu ukasimama kwenye 96. Tuliacha dakika tano zaidi, tukaongeza mwali. Ukabaki 96. Binti yangu alikuwa amekwisha kukitia kipimajoto katika kifuko chake tayari kwa safari ya Majengo.

Nilimwomba kwanza tukijaribu kwa barafu. Tulisaga barafu, tukaiacha ianze kuyeyuka, tukatumbukiza kipimajoto katikati yake, nacho kikasoma sifuri kamili. Kwa hiyo kifaa hakikuwa na kosa, bali kijitabu kilikuwa kimesahau kwamba kuna watu wanaoishi juu. Dodoma iko takribani mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko wa pwani. Maji huchemka pale ambapo mvuke unaojitunga ndani yake unakuwa na nguvu ya kutosha kusukumana na hewa iliyo juu, na hewa ikiwa nyepesi kazi hiyo hukamilika mapema. Kwa makadirio, kila mita 300 za kupanda hupunguza kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzijoto moja, hivyo 96 na kidogo ndiyo namba inayotupasa hapa. Mama yao, aliyekuwa akitusikiliza kutoka jikoni, alisema hilo analijua tangu tulipohama Dar es Salaam, kwa sababu maharage ya huku yanakula mkaa zaidi. Ni kweli kabisa, kwani maji yanayotokota kwa nyuzijoto 96 hayawi ya moto zaidi hata ukichochea moto namna gani, na maharage hayajali vurugu ya mapovu bali yanajali joto. Sufuria ya kufunga kwa mgandamizo, ambayo sisi tunayo na hatuitumii kwa woga, huuzuia mvuke usitoke na hivyo kukipandisha kiwango hicho.

Katika ukurasa huo huo kijitabu kinauita ule weupe unaopaa juu ya bika "moshi wa maji, yaani gesi." Si moshi na wala si gesi. Mvuke wenyewe hauonekani. Ukitazama kwa karibu mdomo wa birika utaona nafasi ndogo iliyo wazi kabla ya weupe kuanza, na katika nafasi hiyo ndimo mvuke ulimo. Weupe ni matone madogo sana ya maji, yaani mvuke uliokwisha kupoa na kurudi kuwa kimiminika.

Hakuna jaribio lililozungumza na nyumba yetu kuliko lile la kukausha aina mbalimbali za maji, na hapa nakisifu kijitabu kwa kulipendekeza. Tuliweka matone matano ya maji ya bomba, matano ya maji ya mvua yaliyohifadhiwa na jirani katika simtanki, na matano ya maji tuliyoyakeneka wenyewe, yaani tuliyoyageuza mvuke na kuupoza urudi kuwa maji, kila aina juu ya kipande chake cha kioo, tukaviacha juani. Maji yaliyokenekwa yalikauka bila kuacha alama. Ya mvua yaliacha kivuli hafifu, pengine vumbi la bati. Ya bomba yaliacha pete nyeupe tatu zilizopandana, ya nje ikiwa nene kuliko za ndani, ambayo ungeweza kuiandika jina kwa ncha ya sindano. Maji ya jiji letu kwa sehemu kubwa hutoka katika visima virefu vya bonde la Makutupora, na maji yanayokaa ardhini muda mrefu hubeba madini yaliyomumunyika kutoka katika miamba. Kila aliyewahi kufua Dodoma anajua jinsi sabuni inavyosita kutoa povu. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo hushikana na sabuni na kufanya utandu usiofaa kwa lolote, na maji yanapochemshwa sehemu ya madini hayo hugeuka kaboneti ya kalsiamu, ule ukoko mweupe ulio chini ya birika. Mpwa wangu aliukwangua, akaudondoshea maji ya limau, ukatoa mapovu ya kabonidayoksaidi kwa sauti ndogo ya kufoka. Maji ya glasi moja, ambayo yeye aliyaita "maji tu", yalikuwa mmumunyo wa vitu vingi.

Kipoza mvuke chenyewe kina kasoro. Kizibo cha mpira kilichokuja nacho ni chembamba kuliko shingo ya chupa, na mvuke ulikuwa ukitorokea pembeni hadi tulipokizungushia unga wa ngano uliokandwa. Jirani yangu mmoja mzee alipouona mtambo wetu uani, na mpira ukichuruza matone katika bika, aliuliza kwa sauti ya chini kama tuna kibali. Nilimhakikishia kwamba kinachokenekwa ni maji, ingawa kanuni ni ile ile ya gongo, kwa kuwa kilevi huchemka kwa joto dogo kuliko maji na mvuke wake hutangulia kutoka.

Jaribio la chuma na salfa linafaa sana kwa kutofautisha mchanganyiko na kampaundi, yaani vitu vilivyoungana kuwa kitu kipya, ila lifanyike nje, jambo ambalo kijitabu hakikulitaja. Tulichanganya gramu 7 za chenga za chuma na gramu 4 za unga wa salfa, ule ule ambao wakulima wa zabibu wa hapa hunyunyizia mizabibu kuzuia ubwiri unga. Ukiwa mchanganyiko tu, sumaku iliyofungwa katika karatasi ilichomoa chuma na kuiacha salfa, rangi ya njano ikarudi. Ulipopashwa moto, doa jekundu lilitokea sehemu moja ya neli, tukaondoa taa, na wekundu ukaendelea kutambaa wenyewe hadi mwisho, kwa sababu muungano huo hutoa joto lake. Kilichobaki ni donge la kijivu cheusi ambalo sumaku haikulijali, isipokuwa kipembe kimoja ambacho nadhani chuma chake hakikupata salfa ya kutosha. Salfa iliyoungua ukingoni ilitoa harufu ya kukaba koo. Ningekuwa na pumu ningeliacha jaribio hili kwa wengine.

Kuhusu mwendo wa chembe, kijitabu kinatoa jaribio moja zuri na moja la kupotosha. Zuri ni la pamanganeti. Fuwele moja ndogo kama punje ya ulezi ilidondoshwa katika maji baridi yaliyotulia na nyingine katika maji ya moto. Katika ya moto zambarau ilienea kote kabla hatujamaliza kupanga vikombe vya chai; katika ya baridi ilikaa chini kama utepe hadi kesho yake asubuhi, ndipo ikawa imesambaa sawasawa pasipo mtu kuigusa. La kupotosha ni lile linalomwambia mtoto atazame vumbi likicheza katika mwanga wa jua unaoingia dirishani na kusema kwamba anaona chembe za hewa zikiligonga. Dodoma ya Julai hatuna upungufu wa vumbi, na pambo lile ni la kupendeza, lakini mchezo unaoonekana kwa macho husababishwa zaidi na mikondo ya hewa, na ukifunga dirisha na mlango utaona mwendo ukipungua. Kutikisika kunakotokana na kugongwa na molekuli ni kudogo mno na kunahitaji darubini. Ndivyo alivyokuona Robert Brown mwaka 1827 alipochunguza vijichembe vya ndani ya chavua vilivyoelea majini; Albert Einstein akaeleza sababu yake kwa hesabu mwaka 1905, na vipimo vya Jean Perrin vilivyofuata vikawanyamazisha wengi waliokuwa bado wakishuku kuwapo kwa atomu. Perrin alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1926.

Shabu ilitupa kazi mbili. Ya kwanza, ya kukuza fuwele, ilikwenda vibaya. Kijitabu kinasema mmumunyo uachwe wazi kwa wiki moja, lakini upepo mkavu wa kipupwe chetu uliumaliza kwa siku tatu, na badala ya fuwele moja kubwa tukapata changarawe. Chembe zinapofukuzwa haraka kutoka katika maji hazipati nafasi ya kujipanga mahali pamoja. Mara ya pili tulifunika bika kwa kitambaa na kuiweka chini ya meza kando ya mtungi, na baada ya siku kumi na moja binti yangu alikuwa na fuwele yenye pande nane, inayopitisha mwanga, kubwa kama punje ya hindi. Mtungi nao ukageuka somo, maana kipimajoto kilisoma nyuzijoto 17 ndani yake na 24 katika ndoo ya plastiki iliyokaa hapo hapo. Maji yanayopenya katika udongo wa mtungi huvukizwa nje, na zinazotoroka ni molekuli zenye kasi kubwa, hivyo zinazobaki ni zile za polepole, na upole huo ndio ubaridi.

Kazi ya pili ya shabu haimo katika kijitabu, nami nailaumu timu yake kwa hilo, kwa sababu bibi zetu wengi wanaijua. Tulikoroga udongo mwekundu katika ndoo mbili na kutia shabu kidogo katika moja. Baada ya saa moja ndoo yenye shabu ilikuwa na maji yaliyoanza kuonekana chini, na nyingine ilikuwa bado kama chai ya maziwa. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi zinazozifanya zisukumane na kuelea. Ioni za alumini kutoka katika shabu huiondoa chuki hiyo, chembe zikashikana vibonge na kuzama. Maji yakitakata kwa macho hayajawa salama kwa kunywa, na hilo niliwaambia watoto mara mbili.

Mrututu na iodini sina mengi ya kusema, vyote vilifanya kilichotarajiwa. Karatasi za kuchujia 20 ni chache mno. Zilikwisha wiki ya pili. Onyo la kutojaza taa ya spiriti ikiwa bado ya moto halimo popote, na hilo nililiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu kwenye kifuniko.

Niliporudi dukani kununua karatasi nyingine, nilimwachia mama mwenye duka ukurasa mmoja wa masahihisho niliouandika, yenye kuyeyuka na kumumunyika, moshi na mvuke, vumbi la dirishani na nyuzijoto 96. Hakuudhika. Wiki iliyofuata nilikuta ameurudufu na kuukunja ndani ya kila sanduku lililobaki, isipokuwa aya ya mwisho, ambayo alikuwa ameikata kwa mkasi. "Mwalimu, uniwie radhi," alisema, "lakini wateja wangu wengine wananunua wakipeleka Dar es Salaam."